Meat Loaf: Mwigizaji Aliyeimba Roki

Watu wanapomtaja Meat Loaf, yule Mmarekani mwenye mwili mkubwa aliyeimba roki akiwa na leso mkononi na jasho likimtiririka, mara nyingi humgawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mwimbaji wa Bat Out of Hell, albamu ya mwaka 1977 ambayo imo miongoni mwa albamu zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani. Fungu la pili ni mwigizaji anayechomoza katika filamu za hapa na pale, kana kwamba alikuwa akitafuta riziki ya ziada muziki ulipolegea. Hapa kwetu tumeizoea hukumu ya namna hiyo. Mwanamuziki wa Bongo Fleva akionekana katika filamu, watu husema muziki umemshinda, na mwigizaji akiingia studio kurekodi wimbo, husema anatafuta kiki. Kwa Meat Loaf hukumu hiyo inapotosha historia nzima, kwa sababu mtu yule hakuwahi kuwa na kazi mbili. Alikuwa mwigizaji tangu mwanzo hadi mwisho, na nyimbo zilikuwa nafasi alizopewa kuigiza.

Pengine naliona jambo hili kwa urahisi kwa sababu ya mahali nilipojifunzia sanaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, kilitulea katika mtindo wa kuchanganya. Aliyekuja kwa ajili ya maigizo alijikuta asubuhi anacheza ngoma, mchana anajifunza marimba, jioni anapinduka sarakasi, na hakuna aliyemwuliza yeye hasa ni nani kati ya hao. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Wagogo aliyeishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, aliimba kwa mwili mzima, uso wake ukisimulia habari kabla ya mdomo kufunguka. Ukishamwona msanii wa namna hiyo, unaacha kuuliza muziki unaishia wapi na maigizo yanaanzia wapi.

Jina la kuzaliwa la Meat Loaf lilikuwa Marvin Lee Aday, na alizaliwa Dallas, Texas, mwaka 1947. Baba yake alikuwa askari polisi aliyetawaliwa na ulevi, na mama yake alikuwa mwalimu aliyeimba pia nyimbo za Injili. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika michezo ya muziki ya shule ya sekondari, na baada ya kifo cha mama yake alielekea Los Angeles, akaunda bendi zilizobadilishabadilisha majina bila kufika mbali. Kilichompa mkate ni tamthilia ya muziki ya Hair, iliyokuwa ikivuma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kupitia tamthilia hiyo alipata mkataba na kampuni ya Motown, akatoa albamu mwaka 1971 pamoja na mwimbaji wa kike aliyejulikana kama Stoney, lakini albamu ile haikutikisa chochote. Motown walikuwa na wapiga vyombo hodari na watunzi wa kutosha. Ninavyodhani, walichokosa ni mhusika wa kumpa aucheze.

Mhusika huyo alianza kuonekana New York. Mwaka 1973 Meat Loaf alikwenda kufanyiwa majaribio ya kuigiza katika Public Theater, jumba lililoongozwa na Joseph Papp, kwa ajili ya mchezo wa muziki ulioitwa More Than You Deserve. Mtunzi wa nyimbo za mchezo ule alikuwa kijana mmoja aliyependa opera za Kijerumani na roki ya zamani kwa kiwango kimoja, jina lake Jim Steinman. Watu hawa wawili walikutana, basi, katika chumba cha majaribio ya maigizo, mmoja akiwa mtunzi wa tamthilia na mwingine mwigizaji aliyekuja kuomba nafasi. Wengi wanaoandika kuhusu muziki wa roki hulipita jambo hili haraka, nami naona ndilo linaloeleza yote yaliyofuata.

Kabla ya yote hayo kuiva, alipata nafasi ya Eddie katika The Rocky Horror Show, kwanza kwenye ukumbi wa Roxy huko Los Angeles, kisha Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia New York, katika Belasco Theatre, na mwaka 1975 katika filamu iliyotokana na tamthilia hiyo. Katika filamu, Eddie anatoka ndani ya chumba cha barafu akiwa juu ya pikipiki, anaimba wimbo mmoja wa roki ya kizamani kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba, kisha anauawa kwa shoka. Nafasi yote ni ya dakika chache tu. Ukiitazama kwa makini utaona tayari kila kitu tutakachokiona baadaye: macho yaliyotolewa kama ya mtu aliyeona jini, kichwa kilichotupwa nyuma kabla ya noti ya juu, na mwili mkubwa unaokwenda kwa wepesi usioutarajia. Wakati huohuo alikuwa pia mwigizaji wa akiba wa John Belushi katika maonyesho ya vichekesho ya National Lampoon. Mtu anayesubiri nyuma ya pazia ili achukue nafasi ya mchekeshaji hajioni kwanza kuwa mwanamuziki.

Nyimbo za Bat Out of Hell nazo zilikuwa na asili ya jukwaani. Steinman alikuwa akiandika tamthilia ya muziki iliyoitwa Neverland, hadithi ya vijana wasiozeeka iliyohamishiwa wakati ujao, na nyimbo tatu za albamu ile zilitoka humo. Ndiyo maana ni ndefu, zina mabadiliko ya mwendo kana kwamba pazia limefungwa na kufunguliwa tena, na anayeimba huwa yumo katikati ya tukio, anazungumza na mtu aliye mbele yake. Steinman na Meat Loaf walizunguka na nyimbo hizo kutoka kampuni moja ya kurekodi hadi nyingine, Steinman akipiga kinanda na Meat Loaf akiigiza wimbo mzima ofisini, mbele ya meza ya mkurugenzi. Walikataliwa karibu kila mahali. Kwa masimulizi ya Meat Loaf mwenyewe, Clive Davis, mmoja wa wakuu wa biashara ya muziki Marekani, aliwaambia kwamba waigizaji hawarekodi albamu. Maneno hayo yalimkera maisha yake yote. Nadhani Davis aliona sawasawa kwamba aliyesimama mbele yake alikuwa mwigizaji, ila hakuona kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinauzwa.

Aliyekubali kuirekodi kama mtayarishaji alikuwa Todd Rundgren, na sababu yake inachekesha, kwani alidhani kazi yote ni mzaha wa kumwiga mwimbaji wa roki Bruce Springsteen, akaupenda mzaha huo. Mpiga dramu Max Weinberg na mpiga kinanda Roy Bittan walitoka katika bendi ya Springsteen huyohuyo. Hatimaye kampuni ndogo ya Cleveland International ikaitoa albamu hiyo Oktoba 1977, ikiwa na nyimbo saba tu. Mwanzoni ilikwenda polepole. Kilichoisukuma ni picha: watu walipomwona akiimba kwenye televisheni, hasa Uingereza ambako kipindi kimoja cha BBC kilirusha video yake mwaka 1978, ndipo walipokwenda kununua. Albamu ile ikaja kukaa katika orodha ya mauzo ya Uingereza kwa zaidi ya wiki 500. Sauti peke yake redioni haikutosha, ilibidi aonekane.

Hapo sina budi kukaa kidogo kwenye wimbo mmoja, Paradise by the Dashboard Light, kwa sababu huwa nautumia kufundishia vijana wa maigizo hapa Bagamoyo. Ni wimbo wa zaidi ya dakika nane, wa mvulana na msichana waliomo ndani ya gari lililoegeshwa usiku. Sehemu ya kwanza mvulana anakumbuka usiku ule kwa majivuno. Katikati muziki unatulia na inaingia sauti ya Phil Rizzuto, mtangazaji halisi wa mchezo wa besiboli, akisimulia mchezaji anavyokimbia kutoka kituo hadi kituo, na msikilizaji anaelewa bila kuambiwa kwamba kinachosimuliwa hakihusu uwanja. (Rizzuto alidai baadaye kwamba hakujua wimbo huo ulihusu nini, na Meat Loaf akasisitiza siku zote kwamba mzee alijua vizuri sana.) Kisha msichana anasimamisha kila kitu, anataka kiapo kwanza: utanipenda, utanioa? Mvulana anaomba apewe usiku mmoja wa kufikiri. Wanavutana, sauti juu ya sauti, mpaka anashindwa na kuapa kwamba atampenda mpaka mwisho wa dunia. Katika beti za mwisho tunawakuta miaka mingi baadaye, kila mmoja akiomba huo mwisho wa dunia ufike upesi ili aachane na mwenzake.

Nilipowaonyesha vijana video ya onyesho lake la mwaka 1978, binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia, "Mwalimu, huyu haimbi, huyu anagombana." Nikamwambia asimame na mwenzake wajaribu. Hawakujua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno, kwa hiyo wakachukua kile walichokuwa nacho, majibizano ya taarabu kama yanavyopigwa kwenye harusi za mwambao, ambapo ubeti mmoja hutupwa kwa mtu aliyeketi palepale ukumbini, naye huinuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji ili kila mtu ajue kwamba amesikia na hakuumia. Nilichokiangalia ni mabega. Yule binti, kila alipotaka kuonyesha hasira, aliinua mabega, koo likakaza, na noti ikakatika kabla ya neno kuisha. Nilimwomba abakize hasira usoni na mikononi, tumbo lifanye kazi ya pumzi, shingo iwe laini. Alipofanya hivyo maneno yalisikika hadi barabarani. Hilo ni gumu kuliko linavyosemwa, kwa sababu koo la mtu anayelia au kufoka kweli hujifunga lenyewe, na mwimbaji mwigizaji analazimika kuonyesha kilio huku akiuzuia mwili wake usilie.

Kwenye rekodi, sauti ya msichana katika wimbo ule ni ya Ellen Foley. Kwenye video na katika ziara, tunayemwona ni Karla DeVito, ambaye kwenye video anafuatisha kwa midomo sauti ya Foley. Wapenzi wa roki wanaodai uhalisi waliona huo ni udanganyifu. Kwa watu wa tamthilia hakuna la ajabu, nafasi ni moja na wachezaji wawili, kila mmoja amepewa kazi anayoiweza mahali pake. Mambo yalikuja kuwa vilevile mwaka 1993, katika I'd Do Anything for Love, wimbo uliomrudisha Meat Loaf kileleni: sauti ya kike tunayoisikia ni ya Lorraine Crosby, na uso tunaouona katika video iliyoongozwa na Michael Bay ni wa Dana Patrick.

Gharama ya kuimba namna hii ilikuwa kubwa, na Meat Loaf aliilipa mapema. Katika ziara za mwaka 1978 aliigiza kila wimbo kana kwamba ndio wa mwisho, usiku baada ya usiku, mwili ule mzito ndani ya shati la malinda na koti la sherehe lililolowa, akihitaji hewa ya oksijeni nyuma ya pazia. Mjini Ottawa, Kanada, aliruka kutoka jukwaani akavunjika mguu, na kwa muda akaimba katika kiti cha magurudumu. Tamthilia zina utaratibu wa kumlinda mwigizaji: kuna mapumziko kati ya sehemu na sehemu, kuna wengine wanaobeba onyesho yeye akiwa kando, kuna mwigizaji wa akiba kama yeye mwenyewe alivyokuwa kwa Belushi. Roki haikuwa na utaratibu huo. Jina lililokuwa kwenye tangazo lilikuwa moja, na watu walilipa kumwona huyo huyo.

Sauti ikamtoka. Walipotaka kurekodi albamu ya pili hakuweza kuimba, na kwa maelezo yake tatizo lilikuwa zaidi la akili kuliko la koo. Steinman alichoka kusubiri, akaziimba nyingi kati ya nyimbo zile yeye mwenyewe katika albamu aliyoitoa mwaka 1981. Niliisikiliza albamu hiyo mara nyingi nikijaribu kuipenda. Nyimbo ni nzuri, muziki umejaa, lakini mwimbaji anasoma maneno aliyoyaandika mwenyewe, hayupo ndani ya gari wala juu ya pikipiki. Mwaka huohuo Meat Loaf alitoa Dead Ringer, yenye nyimbo za Steinman, na Waingereza wakaipokea vizuri. Baada ya hapo miaka ya 1980 ilikuwa ya kesi mahakamani, ya kufilisika mwaka 1983, na ya albamu zilizotungwa zaidi na watu wengine ambazo sina haja ya kuzijadili. Aliishi kwa kupanda jukwaani katika kumbi ndogo ndogo, tena na tena, mpaka koo likajifunza upya.

Bat Out of Hell II ilitoka mwaka 1993, miaka 16 baada ya ile ya kwanza, Steinman akiwa mtunzi na mtayarishaji. Wimbo wake mkuu, I'd Do Anything for Love, unachukua dakika 12 kwenye albamu, na ulishika nafasi ya kwanza katika nchi 28. Mwaka 1994 ulimpatia tuzo ya Grammy. Watu wameulizana kwa miaka ni jambo gani hilo ambalo mwimbaji anasema hatalifanya kwa ajili ya mapenzi, ingawa jibu limo ndani ya wimbo wenyewe, katika majibizano ya mwisho, pale mwanamke anapotabiri kwamba mwanamume atamsahau na kutangatanga kwa wengine, naye akakana. Anayesikiliza wimbo kama wimbo hulikosa jibu hilo. Anayeusikiliza kama mchezo, kwa kufuata nani anamwambia nani, hulipata mara moja.

Kuhusu filamu nitakuwa mfupi, isipokuwa moja. Alionekana katika filamu nyingi, kuanzia Roadie ya mwaka 1980 ambamo alikuwa mhusika mkuu, hadi vichekesho vya miaka ya 1990 ambamo katika kimoja aliendesha basi la kundi la Spice Girls. Nyingi alizifanya kwa ustadi wa mtu anayejua kazi na kurudi nyumbani. Fight Club ya mwaka 1999, iliyoongozwa na David Fincher, ni habari nyingine. Humo anacheza Robert Paulson, mtunisha misuli wa zamani aliyeugua saratani ya korodani, na ambaye matibabu ya homoni yamemwotesha matiti. Alivaa vazi zito la kumwongezea unene, na katika mandhari ya mwanzo anamkumbatia mwigizaji Edward Norton, ambaye analia kifuani pake. Mwigizaji mwingine angeweza kutuchekesha na mwili ule, kisha akaomba huruma yetu. Yeye hakuomba kitu. Alisimama katika mwili huo kama alivyosimama katika mwili wake miaka yote, bila kuuficha na bila kuuonea haya, na sauti yake ikawa ndogo, ya upole, sauti ambayo mashabiki wake wa roki hawakuwa wameisikia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora kwenye filamu, na ni kazi ya mtu yuleyule aliyekuwa Eddie: anaingia, anaijaza picha yote, anauawa, na hadithi inamkumbuka baada ya kuondoka.

Siwezi kumsifu bila kusema upungufu wake. Mwigizaji anahitaji maandishi, na Meat Loaf alipopewa maandishi dhaifu hakuwa na njia ya kuyaokoa, kwa sababu aliyaigiza kwa nguvu zilezile. Kelele nyingi juu ya wimbo mwepesi huufanya uonekane mwepesi zaidi. Alimhitaji Steinman kuliko alivyopenda kukiri, na mwaka 2006 walifikia hatua ya kwenda mahakamani kugombea haki ya kulitumia jina la Bat Out of Hell, kabla ya kumaliza jambo hilo kwa makubaliano. Wakosoaji waliomwita mtu wa kupita kiasi hawakukosea, ila walimpima kwa kipimo cha roki ya wakati ule, iliyomtaka mwimbaji aonekane haigizi, hata kama suruali yake iliyochanika ilichaguliwa kwa makini mbele ya kioo.

Albamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 2016, yote ikiwa nyimbo za Steinman. Sauti imechakaa, na kuna mahali anazungumza zaidi ya kuimba. Hata hivyo katika wimbo mmoja mrefu anaimba pamoja na Ellen Foley na Karla DeVito, yule wa sauti na yule wa sura, wote wawili kwa mara moja. Mwaka huohuo alianguka jukwaani mjini Edmonton, Kanada, katikati ya wimbo. Steinman alifariki Aprili 2021, na Meat Loaf akamfuata tarehe 20 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 74.

Wote wawili waliishi kuona tamthilia ya muziki ya Bat Out of Hell ikifunguliwa Manchester mwaka 2017, kabla ya kuhamia London, miaka 40 baada ya albamu. Hadithi yake ni ileile ya vijana wasiozeeka ambayo Steinman alianza kuiandika akiwa kijana. Nyimbo ambazo Meat Loaf alizibeba peke yake kila usiku zimegawanywa humo kwa wahusika kadhaa, vijana kwa wazazi, na mhusika mkuu wa kiume aliwekewa mwigizaji wa pili wa kupokezana naye baadhi ya siku, ili koo la wa kwanza lipumzike.